Baga ya Jodari kutoka Tumbe

Kwa muda wa miezi minne mwanangu wa miaka tisa hakutia samaki kinywani. Kosa lilikuwa letu sisi wazazi, wala sioni haya kulieleza hapa, kwani naamini nyumba nyingi za mjini zimewahi kufikwa na jambo hilo hilo bila kujua sababu yake.

Siku hiyo nilitoka kazini nikanunua kipande cha jodari cha kilo moja na nusu. Kilikuwa chekundu, kizuri, wala hakikuwa na harufu yoyote. Nikakitia kikapuni, nikasimama kituoni kungoja basi, na nilipofika nyumbani jua lilikwisha kutua. Nilikikaanga mpaka kikaiva barabara. Basi hatujamaliza hata kuondoa vyombo, mtoto akaanza kujikuna. Uso ulimvimba na kupata joto, moyo ukamwenda mbio, kisha akatapika. Baba yake naye akashika kichwa. Tulikesha naye zahanati. Asubuhi alikuwa mzima, lakini neno lake lilikuwa moja: samaki basi. Anataka baga, kama wanayokula wenzake.

Kila msomaji mwenye watoto mjini anaijua baga: mkate wa mviringo uliopasuliwa katikati, ndani yake andazi la nyama ya kusaga. Anaijua na bei yake pia. Watoto watatu wakishiba baga za dukani, mshahara wa wiki hiyo umekwisha kupata jeraha.

Likizo ilipofika tulivuka kwenda Pemba, kwa mama mkwe wangu, katika kijiji cha Tumbe, Wilaya ya Micheweni. Aliposikia mjukuu wake anakataa samaki hapo Tumbe, mahali ambapo watu huja kutoka pande zote za kisiwa kununua samaki, alicheka kwanza. Kisha akauliza, “Na hiyo baga ndiyo kitu gani, mume wangu? Si nyama ya nguruwe hiyo?”

Swali lake lilikuwa na haki. Jina kamili la chakula hicho, katika Kiingereza, linaanza kwa silabi inayofanana na jina la paja la nguruwe, na wengi wamelikimbia kwa sababu hiyo. Lakini asili ya jina ni mji wa bandari wa Hamburg, Ujerumani. Nyama yenyewe tangu mwanzo ni ya ng'ombe. Nilipomweleza hayo mama alituliza uso. “Basi hiyo ni kababu ndani ya boflo,” akasema. “Kesho atakula.”

Alfajiri alinichukua pwani. Ngalawa na mashua zilikuwa zikiingia, na kelele za mnada zilisikika kabla hatujaona mtu. Mama hakuangalia ukubwa wa samaki. Alifunua mashavu kutazama wekundu wa matamvua, akabonyeza mgongo kwa kidole kuona kama nyama inarudi, na kila muuzaji alimwuliza swali moja tu: huyu amevuliwa saa ngapi? Mimi mjini sijapata kuuliza swali hilo.

Njiani nilimsimulia yaliyotupata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Jodari ana damu nyingi, mwanangu. Jua ni adui yake.”

Wataalamu wanasema vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Nyama ya jodari, sehewa, vibua na jamaa zao ina kitu ambacho vijidudu hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa katika joto. Saa chache tu zatosha. Histamini ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili wenyewe huitoa mtu anapodhuriwa na kitu asichopatana nacho, ndiyo maana mgonjwa hujikuna, huumwa kichwa na kutapika, na watu wakadhani mtoto “ana mzio wa samaki.” Huenda hana mzio wowote. Samaki aliyeharibika hivyo aweza asinuke kabisa, na, hili ndilo nililokuwa silijui, kumkaanga au kumchemsha hakuiondoi histamini iliyokwisha kuzaliwa. Barafu ndiyo kinga, nayo iwekwe mapema. Barafu ya baadaye hairudishi nyuma yaliyokwisha tendeka. Mtu akipata dalili hizo apelekwe kwa mganga bila kukawia, hasa akishindwa kupumua vizuri.

Watu wa Pemba wanajua kwa uchungu kwamba moto hausafishi kila sumu. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Nayo sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Sasa twende jikoni. Kwa kiburi cha mtu wa mjini niliomba nianze mimi. Nikachemsha samaki, nikamchambua, nikatia viungo, nikafinyanga vizuri, nikatia kikaangoni. Nilipogeuza tu, vyote vilimwagika vikawa chenga. Nyama ya ng'ombe ina mafuta yake. Ya jodari ni kavu, na ikishachemshwa haishikani tena. Mama hakusema neno. Aliniletea kinu.

Siri yake ni kwamba samaki hutwangwa akiwa mbichi, na chumvi hutangulia kiungo kingine chochote. Kwa baga nane alitumia robo tatu ya kilo ya nyama tupu ya jodari, baada ya kuondoa ngozi, miiba, nyuzi na ule mstari wa nyama nyeusi ambao hutia uchungu. Aliikata vipande vidogo, akatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, akatwanga. Mwanzoni niliona kama rojo lisilo na maana. Baada ya dakika chache nyama ilianza kunata na kuvutika kama unga wa maandazi, hata ikakataa kuachana na mchi. Hapo ndipo ilipokuwa tayari. Mwenye mashine ya kusagia aweza kuitumia, lakini asikose kukanda kwa mkono na chumvi mpaka inate.

Ndipo akatia mbatata moja ya kiasi iliyochemshwa na kupondwa ili kababu isiwe ngumu, kitunguu maji kimoja kilichokatwa chembechembe na kukamuliwa maji, punje nne za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa pamoja, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, kiasi hicho hicho cha bizari ya pilau, mdalasini wa kuonja tu, na konzi ya kotmiri. Yai hakutia. Ndimu alinikataza kabisa kuikamua mapema, kwani ukali wake huikaza nyama na kuifanya ikatike. Ndimu ni ya mezani.

Alilowesha viganja kwa maji, akafanya maandazi bapa yenye unene wa kidole, mapana kidogo kuliko mkate, maana motoni hunywea. Mafuta ni ya kufunika chini ya kikaango tu, moto wa wastani, dakika nne upande mmoja na nne wa pili, bila kuyachokonoachokonoa. Katikati pasibaki wekundu.

Badala ya sosi ya chupa alisaga nazi iliyokunwa pamoja na pilipili mbichi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, ikawa chatne nyeupe nzito. Juu yake akatia embe mbichi iliyokatwa nyembamba. Nawaambia kweli, aliyekula hiyo hatatamani chupa ile nyekundu. Mkate ulikuwa boflo, uliopashwa kwa upande wa ndani katika mafuta yale yale; mjini skonzi za kawaida zafaa, ila zisiwe tamu mno.

Mimi niliiweka yangu kati ya mofa mbili, ile mikate midogo ya unga wa mtama inayookwa katika tanuri la udongo. Ni migumu kwa meno ya mtoto, nakiri, lakini ladha yake na jodari zinaelewana kama watu wa nyumba moja. Na huenda ujirani huo ni wa zamani sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walichimbua hapo Tumbe mabaki ya mji uliokaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10. Mwenzao Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua katika meko ya kale, akakuta nafaka kubwa ya wakazi wale ilikuwa mawele; wali ulikuja kutawala baadaye, katika mji wa Chwaka ulio jirani. Samaki na mkate wa nafaka ndogo, basi, si ugeni hapo.

Mtoto alikaa mbele ya sahani akaifungua boflo, akachungulia. “Hii ni nyama gani, bibi?”

“Ya pwani,” akajibiwa.

Alikula moja, akanyamaza, akanyoosha mkono kuchukua ya pili. Tulingoja jioni nzima aanze kujikuna, mimi zaidi ya wote. Hakujikuna. Alilala.

Wiki mbili baadaye tulikuwa Dar es Salaam, sokoni Feri, mimi nimebeba ndoo yenye barafu, yeye ametangulia. Nilimkuta amesimama mbele ya muuzaji mmoja, kidole chake kimebonyeza mgongo wa jodari, anauliza, “Huyu amevuliwa saa ngapi?” Yule bwana alicheka sana, akawaita wenzake waje kumwona. Kisha akatujibu, “Huyo mwacheni. Chukueni yule wa kule, ameingia alfajiri.”