Ardhi Iliyotolewa kwa Mdomo



Jeshi likiondoka mahali, ardhi ile huwa ya nani? Swali hili laonekana jepesi, lakini limezua ugomvi katika nchi nyingi. Hapa mjini Arusha lipo boma walilolijenga Wajerumani kwa ajili ya askari wao. Jeshi lile liliondoka zamani, na leo boma hilo ni nyumba ya makumbusho, wala hapana anayeligombania. Lakini si kila mahali mambo huisha kwa salama namna hii. Mahali ambapo askari walikaa pamoja na wake zao na watoto wao, wakajenga misikiti na kuzika wafu wao, hapo ndipo ugomvi uanzapo. Serikali husema, "Ardhi hii ni yangu, nami nataka kuijenga upya." Wenyeji nao hujibu, "Sisi tumezaliwa hapa, na baba zetu wamezikwa hapa. Twende wapi?"

Leo napenda kusimulia habari za Kibera, katika mji wa Nairobi. Nimezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, zawahusu ndugu zetu katika dini. Pili, mna ndani yake funzo ambalo kila nyumba ya Kiislamu yalihitaji, tokea hapa kwetu Kisongo mpaka pwani.

WANUBI NI NANI?

Mwaka 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Kiingereza katika nchi ya Uganda, alikwenda mpaka karibu na Ziwa Albert. Huko aliwakuta askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Selim Bey. Hao walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta. Vita vya Mahdi huko Sudan viliwakatia njia ya kurudi kwao, wakabaki peke yao na jamaa zao. Lugard akawaandika katika kazi yake, wakawa ndio nguvu ya Waingereza huko Uganda. Baadaye, mwaka 1902, lilipoundwa jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Keya, askari wa Kisudani walikuwa miongoni mwa watu wake wa kwanza. Wengi wao walikuwa Waislamu, na lugha yao, Kinubi, ni tawi lililochipuka katika Kiarabu.

Askari hawa hawakuwa na kwao pa kurudi. Walipozeeka, serikali ya Kiingereza iliona haya kuwatupa, tena ilipenda kuwaweka karibu ili watoto wao nao waingie jeshini. Basi yapata mwaka 1904 walianza kukaa katika msitu uliokuwa pembeni mwa Nairobi, mahali palipotumiwa na jeshi kwa mazoezi. Wao wakapaita Kibra, maana yake msitu, na jina hilo ndilo lililogeuka kuwa Kibera. Mwaka 1918 serikali ilitangaza kuwa ekari zipatazo 4,197 ni ardhi iliyotengwa kwa ajili ya jeshi. Askari aliyetumikia miaka 12 alipewa cheti cha ruhusa ya kukaa humo, kujenga nyumba yake, kulima na kufuga.

CHETI CHA RUHUSA SI HATI YA MILKI

Hapa, ndugu msomaji, nakuomba usimame kidogo, kwani ndipo penye kiini cha habari yote. Cheti kile kilikuwa cha ruhusa tu. Hakikusema kwamba shamba hili ni la fulani bin fulani na warithi wake. Mzee wa Kinubi alikipokea kwa moyo safi, akaamini kuwa serikali aliyoimwagia damu haiwezi kumdhulumu. Aliambiwa kwa mdomo kwamba hapa ni pake, naye akayachukua maneno yale kama mkataba. Wakubwa waliompa ahadi ile wakarudi kwao, wengine wakafa, na ahadi ikazikwa pamoja nao.

Mwaka 1928 jeshi liliacha kuisimamia Kibera, na mamlaka yakahamia kwa wakuu wa serikali ya kiraia. Mara wakaanza kuulizwa, mwapakalia kwa haki gani? Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ile ya 1930 ilikubali kwamba serikali ina wajibu kwa wazee hawa, lakini kwa sheria ikawahesabu kuwa ni wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya serikali. Mara nyingi serikali ya kikoloni ilitaka kuwahamisha, nao mara zote wakakataa. Hawakushika bunduki, ingawa walikuwa watu wa bunduki. Waliandika barua, wakapeleka wajumbe, na wakaendelea kukaa.

UHURU HAUKULETA HATI

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, ardhi ya serikali ya kikoloni iliingia mikononi mwa serikali mpya. Wanubi walitumaini kwamba sasa mambo yatatengenea, lakini haikuwa hivyo. Sehemu za Kibera zilikatwa moja baada ya nyingine ili kujengwa mitaa ya nyumba za kisasa, na Wanubi wengi hawakuzipata nyumba hizo. Wakati huo huo watu wa makabila mengine walimiminika kutoka mashambani kutafuta kazi mjini. Wanubi wakawapangisha vyumba, na wengine wakajijengea wenyewe kwa idhini ya maofisa. Ule msitu ukageuka kuwa mji wa mabanda ya mabati, unaojulikana dunia nzima, na Wanubi wakawa wachache katika mahali walipopaita kwao.

Haki yatudai tuseme pia upande wa wengine. Mpangaji wa Kijaluo au wa Kiluhya aliyekaa Kibera miaka 30, akalipa kodi kila mwezi kwa chumba kisicho na maji wala choo, naye ana malalamiko ya kweli. Mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi kati ya wenye nyumba na wapangaji ulizuka kuwa ghasia, na roho za watu zikapotea. Ni aibu iliyoje, maskini kupigana na maskini kwa ardhi ambayo hapana hata mmoja wao mwenye hati yake!

Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilipatana na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ili kuijenga upya mitaa ya mabanda. Nia ilikuwa njema: maji, vyoo, na nyumba za mawe. Mwezi wa Septemba 2009 watu wa kwanza walihamishwa kutoka sehemu ya Soweto Mashariki kwenda katika nyumba za ghorofa za Lang'ata. Lakini baadhi ya wenye nyumba, pamoja na Wanubi, walikwenda mahakamani kuipinga kazi hiyo. Watu wa nje walistaajabu: yawezekanaje mtu akatae nyumba nzuri? Jambo lenyewe si la nyumba. Mnubi aliogopa kwamba akikubali kupewa chumba ghorofani, atakuwa amekiri kwamba ardhi ya chini si yake. Akiwa na banda lake juu ya ardhi ya babu yake, bado ana dai. Akiwa na chumba cha kupewa, dai limekwisha.

HUKUMU ZA AFRIKA, NA EKARI 288

Wanubi hawakuishia katika mahakama za nchi yao. Walipeleka shauri mbele ya vyombo vya Umoja wa Afrika. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki za Mtoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi nchini Kenya wamenyimwa haki ya uraia na ya kutendewa sawa na wenzao. Maana wakati ule kijana wa Kinubi aliyetaka kitambulisho alipitishwa katika kamati ya kumchunguza kama kweli ni Mkenya, hali babu wa babu yake alizikwa Nairobi. Kisha mwaka 2015 Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, iliona kwamba hata haki yao ya mali imevunjwa, ikaitaka Kenya iitambue haki yao juu ya ardhi ya Kibera. Msomaji asiichanganye Kamisheni hiyo na Mahakama ya Afrika iliyo hapa kwetu Arusha. Hizo ni mbili mbalimbali.

Hatimaye, mwezi wa Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya pamoja ya ekari 288. Wazee walilia kwa furaha, na wana haki ya kulia, kwani walingoja zaidi ya miaka 100. Lakini hebu tupige hesabu kama wanavyopiga watoto wa madrasa. Katika ekari 4,197, ekari 288 hazifiki hata fungu moja katika mafungu 14. Na mwaka uliofuata, Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kupasua njia ya kuunganisha barabara ya Ngong na ya Lang'ata. Watu waliokadiriwa kuwa 30,000 walikosa makazi, na hata shule zilivunjwa.

FUNZO KWETU

Nimeyaeleza haya yote si ili tuichukie serikali ya jirani, bali ili tujitazame wenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani Tukufu, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, haikushuka kwa habari za vita wala za mbingu. Yahusu kuandika! Mwenyezi Mungu anatuamrisha tukikopeshana kwa muda maalumu tuandikiane, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Wala tusichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Ikiwa deni la shilingi chache limeamrishwa kuandikwa, je, ardhi watakayokaa wajukuu?

Na Mtume wetu (s.a.w.) alipofika Madina, kiwanja alichotaka kujenga msikiti kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bure, naye akakataa mpaka kimelipiwa thamani yake. Aliona kuwa haifai msikiti usimame juu ya haki ya yatima, hata kama yatima mwenyewe ameridhia.

Sasa nauliza: ni misikiti mingapi na madrasa ngapi katika vijiji vyetu vimejengwa juu ya ardhi aliyoitoa mzee fulani kwa mdomo, siku ya Maulidi, watu wakaitikia takbiri, na karatasi isiandikwe? Mzee yule akifa, warithi wake huja wakasema, "Baba aliazimisha tu." Hapo ndugu wa safu moja hushikana mashati mbele ya kibla. Huku Kisongo, kando ya barabara iendayo Dodoma na karibu na kiwanja cha ndege, ardhi iliyokuwa malisho ya ng'ombe leo yapimwa na kuuzwa viwanja. Bei ikipanda, kumbukumbu za watu hufupika.

Kwa hiyo, enyi wazazi na vijana, nawausia mambo manne. Kwanza, aliye na shamba kijijini aende kwa halmashauri ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999; na aliye mjini afuate hati yake kwa maofisa wa ardhi. Pili, anayeweka wakfu aandike, ashuhudishe, na ardhi iingie katika jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, si katika jina la imamu wala la mtu mmoja. Tatu, jina la mke na haki za mabinti zisifichwe katika maandishi hayo, kwani dhuluma iliyoandikwa bado ni dhuluma. Nne, mwenye nyumba amche Mungu juu ya wapangaji wake, asije akadai haki yake kwa serikali hali yeye mwenyewe anawanyima wengine zao.

Wazee wa Kibera walikuwa mashujaa. Walivuka misitu na mito, wakapigana vita vya watu wengine, wakahifadhi dini yao mahali pa ugeni. Kitu kimoja hawakupewa, nao hawakukishika mkononi: karatasi. Wajukuu wao wameilipia karatasi hiyo kwa miaka 100. Sisi tunao wakati bado, na ofisi za ardhi hazipo mbali.

Mwenyezi Mungu awarudishie wenye haki haki zao, na atujaalie tuwe waaminifu katika yale tunayoyaacha nyuma yetu. Amin.