Kijana wa Mpakani, Siasa za Leo na Sheria za Pande Mbili

Katika miji yetu ya mpakani, kuanzia Suam na Lwakhakha hadi Malaba, Busia na Mutukula, wazee wengi wana lalamiko moja: kwamba vijana wa siku hizi hawajali siasa. Hawaonekani barazani, hawahudhurii mikutano ya vyama, na siku ya kupiga kura baadhi yao hubaki steji wakingoja abiria. Lakini wazee haohao hupigwa na butwaa siku vijana haohao wanapojaa barabarani kwa maelfu, bila gari la chama wala kofia ya mgombea. Mambo haya mawili yanaonekana kupingana. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hayapingani, na kwa nini sisi tunaoishi mpakani tunapaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine.

Tuanze na neno lenyewe. Kijana ni nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaja kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafikisha 35. Nchini Uganda, sheria ya mabaraza ya vijana inahesabu kuanzia miaka 18 hadi 30. Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inaanzia miaka 15 hadi 35. Kwa hiyo mtu wa miaka 32 anayeishi Busia ni kijana akiwa upande wa Kenya, na akivuka kurudi upande wa Uganda ujana wake umekwisha. Hili laweza kuonekana kama mzaha, lakini linatufundisha jambo muhimu: mpaka tunaouvuka kila siku kwa miguu hubadilisha hadhi ya mtu mbele ya sheria hata kama yeye mwenyewe hakubadilika.

Kukaa mbali na vyama si kukaa mbali na siasa

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na takriban robo tatu yao walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Hata hivyo, kuelekea uchaguzi wa Agosti 2022, tume ya uchaguzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba vijana waliojiandikisha walikuwa takriban milioni 8.8, yaani asilimia 39.84 ya wapiga kura wote. Idadi hiyo ilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na mwaka 2017. Aliyezisoma takwimu hizo wakati ule angeweza kuhitimisha kwamba kijana wa Kenya amechoka na siasa.

Miaka miwili baadaye hitimisho hilo lilivunjika. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipofika bungeni Nairobi, vijana waliusoma wenyewe. Walieleza vifungu vyake kwa lugha za nyumbani katika video fupi za TikTok, walijadiliana usiku kucha katika mtandao wa X, na wakaenda barabarani wakisema hawana kiongozi, hawana chama na hawana kabila. Tarehe 25 Juni 2024 baadhi ya waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatatia sahihi mswada huo. Gharama ya siku hizo ilikuwa kubwa: kufikia Julai 1, tume ya kitaifa ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilikuwa imehesabu vifo 39. Tarehe 23 Julai mwaka huohuo, vijana wa Kampala walijaribu kuandamana hadi Bunge la Uganda kupinga ufisadi. Polisi walikuwa wameyapiga marufuku maandamano hayo, na makumi ya vijana walikamatwa.

Anayetazama matukio hayo kwa utulivu ataona kwamba kijana hakuiacha siasa, ameihamisha. Ameitoa katika ofisi ya chama na kuipeleka kwenye simu, na kutoka kwenye simu kuipeleka barabarani. Hamuulizi tena mgombea "wewe ni wa kwetu?" Anamuuliza "fedha za barabara hii zimekwenda wapi?" Swali hilo la pili ni la raia mwema. Mzee anayelisikia kama utovu wa adabu, na askari anayelisikia kama uchochezi, wote wawili wanamsukuma kijana mbali na mahali ambapo angejibiwa kwa amani.

Sheria hutafuta sahihi ya mtu

Hapa pana ugumu ambao wananchi wengi hawaufahamu. Sheria za mikutano katika nchi zetu ziliandikwa kwa kudhani kwamba kila maandamano yana mwandaaji. Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya inamtaka mwandaaji apeleke taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Sheria ya Tanzania inayohusu Jeshi la Polisi inataka taarifa ya saa 48. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2013 ya kusimamia utulivu wa umma iliwataka waandaaji watoe taarifa angalau siku 3 kabla. Kisha mwezi Machi 2020 Mahakama ya Katiba ikabatilisha kifungu kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano.

Taarifa, kwa maana yake ya asili, ni njia ya kuwezesha mazungumzo: mtapita barabara ipi, mtaanza saa ngapi, magari ya mizigo yaelekezwe wapi, gari la wagonjwa lisimame wapi. Sasa yanapokuja maandamano yasiyo na kiongozi, hakuna wa kutia sahihi, na mkuu wa kituo hana wa kumpigia simu. Vijana hujivunia jambo hilo, kwa kuwa kiongozi asiyejulikana hawezi kununuliwa. Lakini siku hiyohiyo, mhuni anayevunja duka naye hana wa kumkana, na jiwe moja lililorushwa na mtu mmoja huhesabiwa kuwa la wote.

Ushauri wetu kwa vijana ni huu: hata kama hamtaki kiongozi, teueni wajumbe. Watu watatu wanaojulikana kwa majina, wasio na mamlaka ya kuamua kwa niaba yenu, wanatosha kupeleka taarifa, kukubaliana njia, na kuwaonyesha polisi ni nani aliyeingia katika msafara kwa nia nyingine. Mjumbe hauawi, wahenga walinena, na kazi ya askari ni kuhakikisha msemo huo unakuwa kweli.

Simu haina mpaka, sheria inao

Tuchukue mfano wa kijana anayelala Busia upande wa Uganda na kuendesha boda-boda upande wa Kenya. Ana laini mbili za simu, ana rafiki pande zote, na huenda shangazi yake ni Msamia wa ng'ambo. Hasira ya Nairobi humfikia kwa dakika ileile inayomfikia kijana wa Nairobi. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vifunguliwe Mutukula mwaka 2017 na Busia mwaka 2018, kuvuka kwa njia halali kumekuwa kwepesi zaidi. Kwa hiyo ni rahisi kwake kusahau kwamba akivuka, anaingia chini ya sheria nyingine. Mambo manne yafaa ayakumbuke.

Kwanza, kupiga kura ni haki ya raia. Kuishi mahali au kufanya biashara mahali hakumpi mtu kura. Kenya na Uganda zinaruhusu uraia wa nchi mbili kwa masharti yake. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Anayejipatia kitambulisho kwa maelezo ya uongo ili apige kura ng'ambo anatenda kosa, na aliyemshawishi pia anatenda kosa.

Pili, muda wa kukaa mahabusu hutofautiana. Katiba ya Uganda inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Katiba ya Kenya inataka ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeangukia nje ya saa za kazi. Pande zote mbili, askari anawajibika kumweleza mtu sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya wakili. Nchini Uganda, dhamana ya polisi haitozwi fedha. Mzazi anayeambiwa alipe ili mwanawe apewe dhamana ya polisi akatae na aripoti.

Tatu, neno lililoandikwa kwenye simu husafiri na mwandishi wake. Uganda ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta tangu mwaka 2011, Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao tangu mwaka 2015, na Kenya ina yake tangu mwaka 2018. Kilichochukuliwa kuwa mzaha katika kundi la WhatsApp upande mmoja chaweza kufungua jalada upande mwingine. Picha za zamani za nchi nyingine zikisambazwa kana kwamba ni za leo, watu hukimbia, maduka hufungwa, na majirani hutazamana kwa jicho baya. Kabla ya kutuma, uliza: nani aliyeipiga, wapi, lini?

Nne, mgeni akikamatwa katika vurugu za kisiasa hujikuta na mashtaka mawili: la vurugu na la uhamiaji. Aliyepita njia za panya hana muhuri wa kuonyesha aliingia lini na kwa sababu gani, na hapo hata maelezo ya kweli huonekana kama uongo.

Kijana wa kukodishwa

Kenya inatarajiwa kupiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Kila msimu kama huo unapokaribia, hujitokeza watu wanaotembelea steji za boda-boda na vibanda vya kutazamia mpira wakitafuta vijana wa kujaza mikutano, na pengine wa kuivuruga mikutano ya wapinzani wao. Ahadi huwa fedha ya siku moja, mafuta ya pikipiki na fulana.

Vijana wafahamu jinsi biashara hii inavyofanya kazi. Mkodishaji hupendelea kijana wa ng'ambo kwa sababu hajulikani mtaani, hana kura pale, na akiumia au akikamatwa hakuna jirani wa kumdai. Kile kinachomfanya kijana wa mpakani awe na thamani kwa mkodishaji ndicho kinachomfanya awe peke yake saa ya matatizo. Tofauti kati yake na yule aliyesoma mswada na kubeba bango lake mwenyewe ni kubwa. Mmoja anatumia haki ambayo Kifungu cha 29 cha Katiba ya Uganda na Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya vinaitambua, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Mwingine amekodisha mwili wake. Sisi polisi tunawajibika kutowachanganya wawili hawa, na jamii inaweza kutusaidia kwa kutuambia mapema nani anaandikisha vijana, na kwa kazi gani.

Nafasi ya wazee na ya polisi

Njia za amani zipo, ingawa nyingi hazitumiki. Nchini Uganda kila kijiji kina baraza la vijana kisheria, na vijana wana viti vitano bungeni. Nchini Kenya kila mtu ana haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na bunge la kaunti linatakiwa kuwashirikisha wananchi katika kazi yake. Mwenyekiti wa LC1, chifu na mwenyekiti wa kitongoji waanze na jambo dogo: katika kila baraza, saa moja itengwe kwa maswali ya vijana kuhusu fedha na huduma, na majibu yatolewe kwa tarakimu. Kijana aliyejibiwa chini ya mwembe hana haja ya kwenda kutafuta jibu mbele ya ukuta wa ngao.

Kwa askari wenzangu, hasa wanaofanya kazi mpakani, nasema hivi: mjue kijana wa steji kwa jina kabla ya siku ya ghasia. Mkutano wa mwezi kati ya mkuu wa kituo na wawakilishi wa waendesha boda-boda, wachuuzi na wanafunzi huokoa zaidi ya lori la vifaa. Na kila inapowezekana, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka waalikwe, kwa kuwa vijana tunaowazungumzia ni walewale.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa tunaouona leo ni kijana anayeamini kwamba hasikilizwi, na mzee anayeamini kwamba haheshimiwi. Tuuzibe sasa, wakati ambapo steji kungali na utulivu na mabango ya kampeni hayajabandikwa. Yeyote mwenye swali kuhusu haki ya kukusanyika, dhamana, au taarifa ya mkutano afike kituo cha polisi kilicho karibu naye na kumwuliza afisa wa uhusiano wa jamii. Kuuliza ni bure, na ni haki yako.