Je, Wajua? Karatasi za Marehemu

Matanga yakishaanuliwa, wazee hubaki barazani na swali moja: marehemu aliacha wosia? Miaka 50 baadaye wajukuu huuliza lao: sisi ni watoto wa nani, na tulifikaje huku Pugu? Mara nyingi karatasi moja hujibu maswali yote mawili. Leo tunaisaka.

Je, wajua kwamba ukiwa umekaa zako hapa Pugu Kajiungeni unaweza kununua nakala ya wosia wa mtu aliyefia Uingereza karne iliyopita? Huko England na Wales, wosia ukishathibitishwa mahakamani unakuwa waraka wa umma, na orodha yake inaanzia mwaka 1858. Unaandika jina la ukoo na mwaka wa kifo, unachagua, unalipa kwa kadi, kisha unasubiri faili. Mwaka 2019 ada ilishushwa kutoka pauni 10 hadi pauni 1.50. Lakini ada haikai mahali pamoja. Tazama bei ya siku hiyo kabla hujabonyeza.

Je, wajua kwamba huhitaji kupanga foleni benki ili upate kadi ya kulipia? Kampuni za simu hutoa kadi ya mtandaoni isiyoshikika mkononi: ni namba tu, zinazochota salio lako la pesa za simu. Hasara kubwa hapa ni kulipia wosia wa mtu asiye wako. Majina hufanana, kwa hiyo linganisha kwanza tarehe na mahali alipofia.

Je, wajua kwamba orodha hiyo ya Waingereza ina hata waliofia ng'ambo, ilimradi waliacha mali England? Mwenye shamba la mkonge au mmisionari aliyezikwa Tanganyika anaweza kuwamo. Kama babu yako alikuwa mpishi au mnyapara wake, huenda hapo ndipo utakapojua bwana huyo alikuwa nani.

Je, wajua kwamba hifadhi ya taifa ya nyaraka iliyopo Kew, London, ina wosia zaidi ya milioni 1 wa kati ya 1384 na 1858? Mmoja ni wa Shakespeare, wa mwaka 1616, aliyemwachia mkewe kitanda chake cha pili kwa ubora. Wataalamu wanabishana hadi leo kama lile lilikuwa pendo au kijembe.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa 2023 Serikali ya Uingereza ilipendekeza kupiga picha wosia wa zamani kisha kuziharibu karatasi zenyewe, ili kupunguza gharama za kuzitunza? Wanahistoria walikuja juu. Picha ni nzuri, ila karatasi ina wino, mikunjo na alama ya kidole.

Je, wajua kwamba mwaka 2013 wosia upatao 280,000 wa askari wa Uingereza, wengi wao wa Vita Kuu ya Kwanza, uliwekwa mtandaoni? Sasa linganisha na wapagazi wetu wa vita hiyohiyo, waliotuachia jina la Kariakoo. Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Mmoja kaacha wosia, mwingine hata jina hakuandikiwa.

Je, wajua kwamba Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alidai urithi wake kwa miaka mingi? Aliondoka Unguja mwaka 1866, akarudi mwaka 1885 na manowari za Kijerumani kudai haki yake, akaambulia patupu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Mali hakupata, lakini wanaotafiti ukoo ule hadi leo wanapita mlangoni kwake.

Je, wajua kwamba wosia wa Mwislamu unaweza usitaje hata mtoto mmoja? Sheria inamruhusu kuusia hadi theluthi ya mali, na kwa kawaida si kwa warithi, kwa kuwa hao mafungu yao yamekwisha kupangwa. Kwa hiyo usiseme babu hakuzaa. Watoto watafute kwenye jalada la mirathi.

Je, wajua kwamba ndani ya jalada hilo karatasi tamu kuliko zote huwa ni muhtasari wa kikao cha ukoo? Humo mna nani alimpendekeza msimamizi wa mirathi, warithi ni akina nani, wake walikuwa wangapi, na nani alitia sahihi au dole gumba. Wakati mwingine yumo shangazi ambaye hukuwahi kumsikia.

Je, wajua kwamba mirathi na ndoa zina kituo chao cha mahakama Temeke? Kilianza kazi mwaka 2021, na chini ya paa moja zimo Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Hukumu nyingi za mirathi zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na humo ukoo mzima huanikwa, pamoja na nyumba waliyogombea.

Je, wajua kwamba RITA, wakala wa usajili wa Serikali ulioanzishwa mwaka 2006, haushughuliki na vyeti vya kuzaliwa na vya vifo tu? Huandika wosia na kuuhifadhi pia, nawe unaruhusiwa kuubadilisha muda wote ungali hai. Malipo ya Serikali siku hizi huenda kwa kumbukumbu namba, ile mtaani tunayoiita kontroo namba. Anayekuomba utume kwa namba yake binafsi, mkatalie.

Je, wajua kwamba kukosa cheti cha babu si uzembe wa babu? Kwa miaka mingi ya ukoloni usajili wa lazima wa vizazi na vifo haukumhusu Mwafrika.

Je, wajua kwamba Wabenediktini walifungua misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 ikashambuliwa katika vita vya Abushiri? Kwa Mkatoliki, daftari la ubatizo ni hazina: lina wazazi, msimamizi wa ubatizo, na pembeni huongezwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Mstari mmoja, nusu ya maisha. Mwombe paroko kwa adabu, na uwe na jina la ubatizo, si la utani.

Je, wajua kwamba gazeti rasmi la Serikali ya Kenya, lililoanza mwaka 1899, hutangaza mirathi, na matoleo yake ya zamani yanasomwa mtandaoni bila malipo? Kama ndugu yenu alivuka mpaka kwenda Mombasa akapotelea huko, anzia hapo.

Na mwisho, je, wajua kwamba kwa kanuni za mila zilizotangazwa hapa kwetu mwaka 1963, wosia wa mdomo ni wosia kamili? Sharti ni mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Hao ndio jalada lenu. Hawana tovuti, hawadai ada, wala hawana nakala ya akiba. Wa babu yako ni akina nani, na wamebaki wangapi? Kabla hujanunua bando, kamwamkie aliye karibu.