Umepasuliwa Moyo: Tembea, Lakini Usibebe Bidoni

Labda mtu wa nyumba yako alivuka ziwa akaenda kupasuliwa moyo, pengine Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Sasa amerudi Katanika, na kidonda kimefunga. Jirani mmoja anasema, "Alale tu, asijisogeze." Mwingine anasema, "Amekwisha kupona, akachote maji." Wote wawili wamekosa.

Mara nyingi, ili kuufikia moyo, daktari hukata mfupa wa katikati ya kifua kwa msumeno, akazitanua mbavu. Akimaliza, huufunga mfupa kwa nyuzi za chuma. Ngozi hupona upesi, lakini mfupa hutaka majuma 6 mpaka 12, na kwa mwenye kisukari au mvuta tumbako huweza kukawia zaidi. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20! Katika majuma hayo usiinue kitu kinachopita kilo 4 au 5. Usitwange muhogo, usipasue kuni, usivute wavu, usipige kasia, mpaka daktari aukague mfupa. Mtoto apakatwe ukiwa umeketi.

Kuamka ni shida kwa alalaye juu ya mkeka, afadhali kitanda. Geuka ubavu, shusha miguu, ndipo uketi. Anayekusaidia akutegemeze mgongoni, asikuvute mkono. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto kifuani.

Mabega na mgongo vitauma. Wengi huogopa wakidhani ni moyo. Mara nyingi ni mbavu zilizotanuliwa, tena ni kukaa umejikunja kama mwenye baridi. Dawa yake ni kujinyosha: keti wima, zungusha mabega polepole mara 10, inua mikono yote miwili pamoja mpaka pale unapoanza kusikia maumivu, usipite hapo. Fanya asubuhi na jioni. Msimwite mkandaji akandamize kifua. Na aliyewekwa mlango wa moyo wa chuma, anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, asichanjwe chale hata kidogo. Damu yake haikauki upesi.

Kutembea ndiko kazi yako kubwa. Anza dakika 5 mahali tambarare, asubuhi na jioni, kabla ya jua kali. Kila siku chache ongeza kidogo. Milima ya Kalemie ingoje. Ukiweza kuzungumza na mwenzako njiani, mwendo ni mzuri. Ukikatika maneno, pumzika.

Lakini mfupa ukilia "kwa, kwa" unapogeuka, au kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, miguu ikivimba, au pumzi ikikupungukia hata umelala, au kifua kikikubana ghafula, usingoje Jumapili ipite. Njoo hospitali siku ile ile, na karatasi zako zote mkononi.