Fahamu: Kwa nini muuguzi hukuuliza jina kila anapoleta dawa

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa muuguzi mashuhuri Florence Nightingale mwaka 1820, dunia huadhimisha Siku ya Wauguzi. Haya ni mambo matatu wanayofanya ambayo wengi hatuyatambui.

Utambulisho
Muuguzi makini haulizi, "Wewe ni Asha?" Mgonjwa mwenye homa au usingizi huweza kuitikia jina lolote. Badala yake, muuguzi husema, "Mama, nitajie majina yako kamili na tarehe ya kuzaliwa," kisha hulinganisha na faili. Namba ya kitanda haitoshi, kwani wagonjwa huhamishwa. Hivyo ndivyo dawa au damu ya mtu inavyozuiwa isiende kwa mwingine.

Faraja
Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa, mara nyingi kila baada ya saa 2. Asipogeuzwa, uzito wa mwili hubana mishipa ya damu kwenye nyonga, visigino na chini ya mgongo, ngozi ikafa na kuwa kidonda. Shuka hunyooshwa, kwa kuwa mikunjo nayo huumiza. Pazia huvutwa kabla ya kumwogesha, ili heshima yake ilindwe.

Kupunguza msongo wa mawazo
Hofu hupandisha presha, hufukuza usingizi na kuzidisha maumivu. Kwa hiyo muuguzi hueleza atakachofanya kabla ya kumgusa mgonjwa, na humpa nafasi ya kuuliza.

Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku, haya yote hayawezekani. Tunapodai huduma bora, tudai pia wauguzi wa kutosha.