Kabla ya kumlaumu fundi, rudisha ishara ilikotoka

Miaka michache iliyopita niliitwa na ofisi moja ya uwakala wa mizigo hapa Mombasa. Mawasiliano kati ya ofisi na ghala lao yalikatika tangu asubuhi, na hati za mizigo zilikuwa zimekwama. Nilimkuta fundi wao, kijana mdogo, amejiinamia. Bosi alishamwambia kwamba swichi imeungua kwa uzembe wake, na bei ya mpya itakatwa kwenye mshahara.

"Ami, wallahi mimi sikuiharibu," akaniambia.

Swichi, kwa asiyeijua, ni kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kompyuta za ofisi. Tundu moja lilikuwa na faiba iendayo ghalani: nyuzi mbili, mmoja wa kupeleka mwanga na mmoja wa kuuleta. Taa ya tundu hilo ilikuwa imezimika. Lakini taa iliyozimika haisemi kosa liko wapi. Huenda ni tundu, huenda ni faiba, huenda ni swichi ya ghalani.

Hapo ndipo kinapofaa kipimo ambacho mafundi wa laini za simu wamekitumia kwa miaka mingi, lupubeki. Mimi hukiita kitanzi. Unaifanya ishara irudi ilikotoka, kama mtu anayeita kisimani akasikia sauti yake mwenyewe. Ikirudi salama, njia yote iliyopita ni nzima.

Kwanza tulilitenga tundu hilo na mengine kwenye mipangilio ya swichi. Usiiruke hatua hii. Ukitia kitanzi kwenye tundu lililo kazini, ujumbe uliokusudiwa kompyuta zote utarudi na kusambazwa tena, na kuvuruga mawasiliano ya ofisi. Swichi nyingine zikigundua kitanzi hulifunga tundu zenyewe, nawe ukadhani limekufa.

Kisha nikachukua uzi mfupi wa faiba, nikaunganisha upande wa kutuma na upande wa kupokea wa tundu lile lile. Taa ikawaka. Kwa hiyo swichi ya ofisini haikuungua. (Angalizo: vifaa vya masafa marefu hutoa mwanga mkali, hivyo weka kipunguza mwanga kwanza, usije ukaharibu kipokezi.)

Tukarudisha faiba mahali pake, nikaenda ghalani. Kwenye kisanduku cha ukutani inapoishia faiba, nikaunganisha zile nyuzi mbili. Hiki ndicho kitanzi cha laini. Kijana akanipigia simu: "Imewaka, ami!" Taa peke yake haitoshi, basi nikamwambia alinganishe hesabu ya pakiti zilizotoka na zilizorudi. Zililingana, na makosa yalikuwa sufuri. Laini yote ilikuwa salama, kwenda na kurudi.

Nikatia kitanzi kwenye swichi ya ghalani. Nayo ikawaka. Kilichobaki ni kimoja tu: uzi mfupi kati ya kisanduku cha ukutani na swichi hiyo. Kuufuata, nikaukuta umebanwa na mguu wa kabati. Tukaweka mwingine wa shilingi mia kadhaa, na hati zikaanza kwenda.

Palipo mbali si lazima usafiri. Laini za E1, zenye kasi ya megabiti 2.048 kwa sekunde, huwa na vifaa vinavyoweza kuamrishwa kutia kitanzi. Kwa Etheneti, kiwango cha IEEE 802.3ah cha mwaka 2004 kiliweka utaratibu wa kukiagiza kifaa cha upande wa pili kirudishe pakiti zako. Kifaa chako kikiwa na huduma hiyo, utapima ukiwa umekaa kitini. Ila jua kwamba kitanzi kikiwapo, wateja wa laini hiyo hawapati huduma. Waarifu mapema, na ukimaliza kitoe. Kitanzi kilichosahaulika ni hitilafu mpya.

Bosi hakukata mshahara. Alimwita kijana, akamtaka radhi mbele ya wenzake.

Ndugu msomaji mwenye ofisi, mtandao ukikatika usiharakishe kununua swichi wala kumfukuza mtu. Muulize fundi wako swali moja: umepima mpaka wapi? Dhana si ushahidi, na riziki ya mtu haikatwi kwa dhana.