Baraza la madiwani lililokaa gerezani

Septemba 1921, ndani ya gereza la Brixton, kusini mwa London, baraza la madiwani la mtaa wa Poplar lilikaa kikao halali. Meya Sam March aliongoza akiwa mfungwa. Madiwani wanaume walitolewa selo za humo humo. Wenzao wa kike walikuwa Holloway, gereza la wanawake lililo kaskazini mwa jiji, kwa hiyo walipakiwa garini, wakavushwa London nzima, wakashiriki kikao, kisha wakarudishwa kufungiwa. Jumla yao walikuwa thelathini, wanaume 25 na wanawake watano. Hawakuwa wamehukumiwa miezi wala miaka. Kosa lao lilikuwa kudharau amri ya mahakama, na wangetoka siku watakayotii. Mmoja wa wale wanawake, Susan Lawrence, alikuwa pia mjumbe wa Baraza la Kaunti ya London, yaani chombo kilekile kilichowashtaki. Alikuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja. Mwingine, Nellie Cressall, alikuwa mjamzito, na hali yake iliwatia wakubwa wa serikali wasiwasi mwingi kuliko ilivyomtia yeye. Jioni nyingine watu wa Poplar walikusanyika nje ya ukuta, na George Lansbury, diwani mwenye sauti nzito na ndevu za mashavuni, akawahutubia kutoka kwenye dirisha la nondo.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa haukukosekana. Lakini jambo linalogoma kutoka akilini ni kile kikao chenyewe. Serikali iliyowafunga watu hawa kwa kutotimiza wajibu wa udiwani ndiyo iliyowapa chumba na usafiri ili waendelee kuutimiza. Sababu haikuwa huruma. Poplar ilikuwa na mitaa ya kusafishwa, nyumba za kukaguliwa, mishahara ya kulipwa na maelfu ya watu wasio na kazi wa kushughulikiwa, na hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Dola ilikiri kwa vitendo kwamba haiwezi kuendesha mtaa maskini bila madiwani wake. Ilichokataa kukiri ni kwamba gharama ya kuuendesha haikupaswa kuwa ya mtaa huo peke yake. Hoja ya makala haya ni kwamba katika ugomvi ule Poplar ilikuwa na haki, na kwamba waliowapinga nao walikuwa na maswali ambayo hayajajibiwa mpaka leo.

Poplar ilikaa mashariki mwa London, katikati ya bandari. Kazi kubwa ya wanaume ilikuwa kupakua meli kwa kibarua cha kutwa: asubuhi wanasimama getini, wachache wanachaguliwa, wengine wanarudi nyumbani mikono mitupu. Uchumi wa Uingereza ulipoporomoka mwishoni mwa 1920, idadi ya waliorudi mikono mitupu ikafurika. Kwa sheria ya wakati huo, aliyekosa riziki alikwenda kwa Bodi ya Walezi wa Maskini ya eneo lake, na fedha za bodi hiyo zilitoka kwenye kodi ya majengo ya eneo hilohilo. Halmashauri nyingi za kwetu huishi kwa ruzuku ya Hazina, kwa hiyo ni vyema kulitilia mkazo jambo hili: mtaa ulijilisha wenyewe. Juu ya hapo, baraza la mtaa liliwakusanyia wakubwa zake kodi nyingine, yaani mafungu ya Baraza la Kaunti, ya polisi, ya bodi ya maji na ya bodi ya hospitali. Machi 1921 madiwani wa Poplar, ambao wengi wao walikuwa wa chama cha Labour, walipitisha kiwango cha kodi kinachotosha mahitaji ya mtaa na maskini wake, wakayaacha nje mafungu ya wakubwa.

Hesabu iliyowafikisha hapo ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kodi ilipimwa kwa peni kwa kila pauni ya thamani ya pango la jengo. Peni moja ikitozwa Westminster, mtaa wa mahoteli, wizara na majumba ya kifahari, ilizaa zaidi ya pauni 29,000. Peni hiyohiyo ikitozwa Poplar ilizaa pauni elfu tatu na kidogo. Kwa maneno mengine, ili kupata fedha sawa na za Westminster, Poplar ilibidi imkamue mkazi wake takriban mara tisa zaidi, na mkazi huyo ndiye aliyekuwa na kidogo. Na waliohitaji msaada hawakugawanyika sawasawa jijini. Walijazana palepale peni ilipozaa kidogo. Lansbury aliijua hesabu hii kwa uzoefu. Alikuwa mlezi wa maskini Poplar tangu miaka ya 1890, alikaa kwenye tume ya kifalme iliyochunguza sheria za maskini kuanzia 1905 hadi 1909, na 1919 akawa meya wa kwanza wa Labour mtaani hapo. Alichokirudia miaka yote hiyo ni kwamba utajiri wa bandari ulikuwa wa London nzima na wa nchi nzima. Wenye meli na maghala walikaa mbali na kuvuna mbali, ilhali vipindi vya njaa vya wapakuzi wao viliandikwa kwenye daftari la Poplar. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Westminster haikuwahi kulibeba kanda hilo ili ijue uzito wake.

Wapinzani wake walisema kila eneo kutunza maskini wake ni kanuni ya kale na ya haki. Sheria ya London yenyewe, hata hivyo, ilikwisha kuivunja kanuni hiyo. Tangu 1867 kulikuwa na mfuko wa pamoja wa maskini wa jiji zima, uliochangiwa na mitaa yote, matajiri kwa maskini. Ila mfuko huo ulisaidia kulipia waliokubali kuingia nyumba ya maskini, ile taasisi ya kuta ndefu ambako familia zilitenganishwa na kula kukawa kwa kipimo. Aliyepewa msaada akiwa nyumbani kwake, pamoja na mke na wanawe, gharama yake ilibaki kwa mtaa. Hebu tazama maana yake. Mpakuzi aliyeishiwa akivunja kaya yake na kujisalimisha ndani ya kuta, London nzima inamchangia. Akibaki na familia yake akingoja meli ijayo, ni shauri la jirani zake walalahoi. Kwa hiyo mshikamano ulikuwapo, lakini sharti lake lilikuwa kufungiwa. Walezi wa Poplar, kwa kutoa msaada nyumbani na kutoa wa kutosha, walichagua njia yenye utu, na sheria ikawatoza kwa uchaguzi huo.

Hapo ndipo inapoonekana akili ya uasi wao. Halmashauri iliyobanwa huwa na njia tatu: kupunguza msaada, kupandisha kodi, au kutomlipa mtu. Mara nyingi asiyelipwa ni mnyonge, kwa sababu hana wakili. Poplar iligeuza foleni. Mfanyakazi alilipwa, mjane akalipwa, na aliyeambiwa asubiri ni mdai mwenye nguvu kuliko wote, mwenye mahakama na masherifu. Lansbury hakudai kwamba kuvunja sheria ni jambo dogo. Alidai kwamba baraza limewekwa njia panda, ama liivunje sheria ama liwavunje maskini, na ya kwanza ni nafuu. Wenzake hawakujificha wala kutafuta upenyo wa kisheria. Julai 29 waliandamana kwa miguu kwenda Mahakama Kuu, mbele yao bango likitangaza kwamba baraza linaelekea kortini na huenda likaishia jela. Baadaye walichapisha kijitabu ambacho jina lake tu lilikiri hatia na kujisifu nayo.

Pingamizi la kwanza lilitoka ndani ya chama chao wenyewe, na halikuwa la kijinga. Herbert Morrison, kiongozi wa Labour jijini na meya wa Hackney wakati huo, aliona kwamba kila baraza likijichagulia kodi ya kupeleka juu, hakuna jiji litakalosimama. Leo ni Poplar inayozuia fedha kwa ajili ya wenye njaa. Kesho ni mtaa wa matajiri unaozuia fedha za shule za wengine. Tena mafungu yaliyozuiwa yalikuwa ya hospitali na ya huduma za kaunti, ambazo maskini nao walizitegemea. Jibu linalofaa ni kuangalia mlango upi ulikuwa wazi. Kilio cha kugawana gharama kilikuwa cha miaka mingi, kimepita kwenye tume, kwenye ripoti na kwenye wajumbe waliopokewa kwa adabu na kuagwa kwa adabu. Aliyevunja sheria waziwazi na kukubali adhabu yake hatoi ruhusa ileile ambayo mkwepaji kodi angejipa. Hata hivyo jibu hili lina mpaka. Linatutaka tuamini kwamba tutamtambua mwenye dhiki ya kweli tutakapomwona, na historia ya siasa haitupi sababu kubwa ya kujiamini hivyo.

Uasi ulifaulu kwa sababu uliambukiza. Mabaraza ya Stepney na Bethnal Green, mitaa mingine miwili ya makabwela, yalipiga kura ya kufuata mkondo huohuo, na serikali ikaona kwamba magereza hayatatosha. Oktoba 12 mahakama iliwaachia wafungwa ili washiriki mazungumzo na Waziri wa Afya, Alfred Mond, bila wao kukusanya ile kodi waliyofungwa kwa kuikataa. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha sheria iliyouingiza msaada wa nyumbani kwenye mfuko wa pamoja. Mitaa tajiri ikaanza kuchangia chakula cha Poplar. Ushindi ulikuwa na kaburi lake: Minnie Lansbury, mkwe wa George na mmoja wa wale wanawake watano, alifariki kwa homa ya mapafu siku ya kwanza ya 1922, akiwa na miaka 32.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na lilikuja baada ya ushindi. Fedha zikishakuwa za wote, nani aamue kiasi? Anayegawa bila kutoza wapiga kura wake hana breki, walisema wakosoaji, na jina la Poplar likageuzwa tusi la siasa kwa ukarimu wa kutumia mifuko ya wengine. Mond aliweka kipimo cha juu cha msaada ambacho mfuko wa pamoja ungekilipia. Walezi wa Poplar walikipita bila haya, wakisema watoto hawali kipimo. Vita vikahamia kwenye mishahara. Tangu 1920 baraza liliwalipa wafanyakazi wake wa chini pauni nne kwa wiki, wanawake sawa na wanaume, na gharama za maisha ziliposhuka halikupunguza. Mkaguzi wa hesabu aliwatoza madiwani binafsi pauni 5,000, na 1925 mahakama ya juu kabisa ilimuunga mkono. Mmoja wa majaji alidhihaki kile alichokiona kuwa ufadhili wa kijamaa na tamaa ya kuwainua wanawake. Dhihaka hiyo imezeeka vibaya, lakini hoja iliyo chini yake bado inapumua: diwani ni mwangalizi wa mali ya walipa kodi, na uangalizi una mipaka.

Hoja ya breki ingekuwa na nguvu zaidi kama mfumo wa zamani ungekuwa na breki kweli. Haukuwa nayo, ulikuwa na njaa, ambayo hukaza pale tu penye umaskini. Westminster haikubana matumizi kwa hekima, haikuwa na foleni. Lakini ni kweli pia kwamba aliyelipia gharama hatimaye hudai usukani. Mwaka 1926 Neville Chamberlain, akiwa Waziri wa Afya, alipata sheria ya kuziweka kando bodi za walezi zilizoonekana kutoa mno, akaitumia dhidi ya West Ham na nyingine mbili. Mwaka 1929 Bunge lilipitisha sheria iliyozifuta bodi zote, na kazi yao ikahamia kwenye mabaraza makubwa mwaka uliofuata. Mzigo uligawanywa kama Poplar ilivyotaka, na pamoja nao ikahama ile nguvu ya jirani kumwamulia jirani, ambayo ndiyo iliyowafanya walezi wa Poplar kuwa wakarimu tangu mwanzo.

Je, yale mawili yangeweza kutenganishwa? Lansbury aliamini kwamba jiji linaweza kuchangia kwa pamoja huku mtaa ukiamua kwa ukaribu, na hakuna kanuni ya hesabu inayokataza hilo. Kinachokataza ni kutoaminiana: aliye mbali humshuku aliye karibu kwamba atagawa mno, naye aliye karibu humshuku aliye mbali kwamba hatagawa kabisa. Kila mmoja ana ushahidi wake. Kati ya makosa hayo mawili, yaliyofanyika Poplar yalimpa kibarua pauni nne na mtoto wake chakula kilichozidi kipimo cha waziri. Anayeyaona kuwa makosa makubwa zaidi kuliko yale ya miaka 54 iliyotangulia, ambapo jiji tajiri lilichangia maskini wake wakiwa ndani ya kuta tu, ndiye anayedaiwa maelezo.